Ongeza Mizunguko Miwili

9 Januari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini u mzima, na yule paka wa jirani bado hajahamia kwako jumla. Mimi sijambo. Mama ameniandikia kwamba amepaka rangi chumba chake cha uani, na kwamba wewe hujakanyaga kwake tangu msiba wa mkaza mjomba. Nimeambiwa nikuulize utahamia lini. Basi nimeuliza, na hilo usinijibu kama hutaki.

Kazi nimepata. Niko nyuma ya duka la miwani, kwenye chumba kisicho na dirisha, nasaga lenzi. Wateja siwaoni, nawasikia tu kupitia pazia. Chumba nilichopanga kiko ghorofa ya tano na ngazi zake zimelika katikati kama sabuni. Watu wa hapa ni wema lakini kila mmoja ana mlango wake na kitasa chake. Jumapili naweza kuamka, kufua, kula na kulala bila kufungua kinywa. Mimi, Chiriku! Wewe uliyenipa jina hilo ungeniona ungecheka mpaka ukohoe.

Sasa nije kwenye shida yangu. Leseni ya redio imetoka, na ile mashine uliyonipa nilipoondoka inawaka vizuri mezani. Kinachonishinda ni antena. Mwenye nyumba hataki msumari hata mmoja juu ya paa. Nimebaki na roshani, na hapo fimbo ya mita mbili na nusu ndiyo mwisho, ukizidisha inagonga roshani ya juu. Ili nikufikie wewe kwenye masafa ya mita arobaini nahitaji fimbo ya mita kumi. Uliwahi kusema kuna koili inayoifanya fimbo fupi ijione ndefu. Nifundishe kuitengeneza. Nikiweza, kila Jumapili tutaongea, na wewe ndiye utakayeomba ninyamaze.

Nimepiga simu yako mara nyingi, haipokelewi.

Mpwa wako,
Chiriku


2 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Paka ameshahamia, sasa mgeni ni mimi. Simu ya mezani nimeikata. Waliokuwa wakinipigia ni wauza bima na mama yako, na wote walitaka nikubali kitu. Wewe niandikie tu. Kuhusu chumba cha uani, nimesoma.

Haya, koili. Fimbo fupi haipokei nguvu ya mashine yako. Nguvu inafika mlangoni, inageuka, inarudi ilikotoka. Koili inafidia ule urefu uliokosekana. Wavivu huipachika chini kabisa kwa sababu huko inataka mizunguko michache. Usiwaige. Ikate fimbo katikati, koili ikae hapo, ili sehemu yote ya chini ipate mkondo mkubwa wa umeme. Mkondo ndio unaorusha mawimbi.

Tafuta bomba la plastiki la inchi mbili, jeupe. Jeusi huwa limetiwa masizi, na masizi hula nguvu. Chukua waya wa shaba wenye vanishi, uzungushe mara arobaini na mbili. Mizunguko isigusane. Zungusha waya pamoja na mshipi wa kuvulia, kisha mshipi utoe, nafasi zitabaki sawasawa. Nimekula mkate wangu kwenye mitambo ya uchapaji maisha yangu yote, mistari iliyopinda inaniumiza tumbo. Waya wa ardhi ufunge kwenye vyuma vya roshani.

Jumapili saa kumi jioni nitakuita. Na Jumapili itakayofuata, na itakayofuata. Marehemu mkaza mjomba wako angefurahi. Alipenda sauti yako kuliko yangu, na hakuwa akificha.

Mjomba


20 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima, mgongo tu unauma kwa kuinama. Mama anasema mvua imewanyeshea vizuri. Hakusema zaidi, kwa hiyo najua ana zaidi.

Koili nimeizungusha kazini, saa ya chakula. Bosi alidhani ni kipuri cha mashine, nikamwacha adhani. Imetoka nzuri, Mjomba, ungeiweka kwenye kabati la vioo. Lakini ina vituko. Nikisimama roshani nimeishika fimbo, kile kimita cha kuonyesha nguvu inayorudi kinatulia kwenye sifuri. Nikiingia ndani kukaa kwenye mashine, kinapanda. Nikitoka nikaishika, kinashuka. Nimeingia na kutoka mpaka jirani wa chini akaniuliza kama nimefungiwa nje. Nimeifungua upya, nimeikaza, hali ni ileile. Kosa liko wapi?

Chiriku


11 Machi

Chiriku,

Marahaba. Nimecheka mpaka paka akakimbilia chini ya kitanda.

Kosa ni wewe. Unaposhika fimbo, mwili wako unakuwa sehemu ya antena. Umeipima ikiwa na mtu, kisha unataka ifanye kazi bila mtu. Rekebisha, ondoka, soma mita ukiwa umekaa kitini, kisha rudi urekebishe tena. Na kwa kuwa hutakuwepo kuishika, ongeza mizunguko miwili.

Usione haya. Mwaka niliooa nilimwambia mke wangu anishikie fimbo ili niipime. Mke mpya hakatai, akashika. Kila nilipowasha mashine nilimwita ashike, nikajisifu kwa majirani kwamba nimetengeneza antena ya ajabu. Alipokwenda kumsalimia mama yake, antena ikafa. Nikamwandikia arudi haraka, fimbo imeharibika. Alirudi na kunitania kwa hilo mpaka mwisho wake.

Mjomba


26 Machi

Mjomba wangu, shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Nimekusikia! Niliongeza miwili kama ulivyosema, nikakaa kitini mbali na fimbo, saa kumi ikafika. Kwanza mikwaruzo, kisha wewe, kana kwamba umekaa chumba cha pili. Unapaza sauti kama muuza samaki, Mjomba, nimelazimika kupunguza. Ulisema, "Chiriku, Chiriku, upo?" Nikajibu nipo. Ukauliza tena, "Upo?" Nikajibu nipo, nipo, nipo! Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ukangoja, kisha ukasema hewani hakuna kitu, tutajaribu wiki ijayo, ukazima.

Nilikaa pale na maikrofoni mkononi. Ni mara ya kwanza tangu nije huku kusikia mtu akiniita kwa jina langu la nyumbani, na nisiweze kumwitikia. Nililia kidogo, sikufichi. Niambie nirekebishe nini.

Chiriku


20 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Mimi sijambo. Mama yako alikuja, akapita kila chumba akigusa kuta, akatazama mlingoti wangu wa antena kama anayepima jeneza. Alisema maneno mengi, nami nikaitikia kwa kichwa. Sijui nimekubali nini.

Ni kweli, sikukusikia. Koili ndiyo. Waya wako ni mwembamba mno, nguvu inaishia kwenye joto. Tafuta mnene zaidi, uzungushe upya. Tena jaribu mizunguko arobaini na tano ukifupisha ncha ya juu. Mambo haya yanataka subira, haraka haraka haina baraka. Niandikie umefanya nini, usiache hata kitu kidogo. Niandikie pia unakula nini, na mwenye duka ni mtu wa namna gani, na huko roshani unaona nini.

Mjomba


9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nakula wali na maharage, maharage na wali. Mwenye duka ni mpole lakini anakoroma akiwa macho. Roshani naona kuta za nyuma za majengo, mabomba ya maji machafu, na mama mmoja anayekung'uta zulia lilelile kila asubuhi.

Waya mnene nimepata. Nimezungusha. Hukunisikia. Nikafanya ya mizunguko arobaini na tano. Hukunisikia. Nikafanya nyingine bila vanishi, nyingine kwenye bomba jembamba. Nina rundo la koili chini ya kitanda. Na kila Jumapili nakusikia unaniita, unangoja, unaniaga. Jumapili iliyopita uliposema "basi, mpwa wangu," nilizima redio kabla hujamaliza.

Sasa kuna jambo. Baada ya kuzima kwako niliita tu, yeyote ajibu. Akajibu mwalimu wa hesabu wa nchi nyingine kabisa, mbali kuliko wewe. Akasema nasikika kama mwanafunzi wa dawati la mbele. Nikabadilisha koili, nikarudisha ile ya kwanza, akasema hiyo ndiyo bora. Yawezekana redio yako ndiyo ina hitilafu? Ipeleke kwa fundi aitazame.

Chiriku


18 Mei

Chiriku,

Redio yangu haina hitilafu. Nilikuwa nikitengeneza redio kabla mama yako hajatoka meno. Mwalimu wa hesabu abaki na hesabu zake. Mawimbi huruka, yanaweza kutua kwake na kunipita mimi. Toa mizunguko mitatu, inua koili kiganja kimoja, ujaribu.

Mjomba


6 Julai

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa kuandika, na sababu si kazi. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi. Nilikuwa naogopa kukukosea adabu. Sasa naogopa zaidi kunyamaza.

Jumapili ya kwanza baada ya kupata barua yako, ulikuwa umebonyeza maikrofoni unaniita. Nyuma yako birika likaanza kupiga filimbi. Likapiga, likazidi, likafikia ile kelele ambayo mtu huacha kila kitu akakimbia na kitambaa mkononi. Wewe ukaendelea kuongea taratibu. Ukasema, "Leo hewani kimya kabisa, Chiriku." Birika likalia mpaka likaisha maji, likanyamaza lenyewe. Wewe bado unaniita. Nilibaki nikidhani jiko litawaka moto na mimi nasikiliza tu, siwezi hata kukugusa bega.

Mjomba, kupitia lile pazia la dukani kila siku nasikia watu wakilalamika kwamba magazeti siku hizi yanachapwa kwa wino hafifu. Hakuna anayesema macho yangu yamechoka. Wanawalaumu wachapaji, yaani wanakulaumu wewe, bure. Na wewe unailaumu koili yangu. Ile ya Machi, uliyosema niongeze mizunguko miwili, haikuwa na kasoro, na wewe ni fundi, unajua.

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na birika. Mama sijamwambia, wala sitamwambia. Sina hasira. Niambie tu ukweli, kwa sababu sasa ukiniita najisikia kama nimekufa mimi.

Chiriku wako


30 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa mezani, nikawa nakula upande mwingine wa meza ili nisiiguse. Nilikujibu kwanza kwamba birika lilikuwa la jirani. Nikatia bahasha, nikabandika stempu. Nikaona haya, nikaichoma.

Sisikii. Basi, nimeandika.

Sikio la kushoto liliniaga nikiwa bado kiwandani, mitambo ya kuchapa haiongei kwa upole. La kulia likalifuata polepole. Aliyejua ni mke wangu peke yake. Alikaa kando yangu na vipokea sauti kichwani, akasikiliza, kisha akanigeukia na kuyarudia maneno kwa midomo bila sauti. Nami nikayasoma nikajibu hewani. Wenzangu wa redio walinisifu kwa masikio makali! Alipofariki wakadhani siwajibu kwa sababu ya majonzi. Niliwaacha wadhani hivyo, na nusu yake ilikuwa kweli.

Mama yako akijua, nitapelekwa chumba cha uani na mlingoti utauzwa chuma chakavu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nitapewa kiti, niwatazame watu wakicheka nisijue wanacheka nini. Afadhali hapa. Hapa hakuna anayecheka.

Na lililo baya zaidi ni hili. Koili yako nilijua ni nzuri tangu Machi. Redio yangu ina mshale unaopima nguvu ya anayeingia. Kila ulipojibu, mshale uliruka. Niliukodolea macho, nikasema moyoni, yule ni Chiriku, anaongea, anaongea, hajabadilika. Lakini mshale hauna maneno. Ningekuambia koili imekuwa sawa, ungetaka tuongee, na hapo ningekuwa nimekwisha. Na barua zingekoma. Koili ikiwa mbovu, unaniandikia. Kwa hiyo nikawa naiharibu kila mwezi kwa kalamu.

Nimekupotezea waya wa shaba na Jumapili zako. Ukitaka kuacha kuandika sitakulaumu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mjomba wako


12 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi, sikuweza kungoja nifike juu. Nililia, halafu nikakasirika, halafu njaa ikaniuma nikala. Wewe umedhani barua zangu zinaletwa na koili? Unajua kufikiri kwa umeme, watu huwajui kabisa.

Nilidhani upweke ni wangu mimi huku. Kumbe tumekaa kila mmoja na wake, tukitumiana vipimo vya bomba.

Sasa nifuate mimi, safari hii mimi ndiye fundi. Kazini kwangu kuna kelele hata masikio mazima hayafai kitu. Mkubwa wangu alinionyesha kuweka kidole kwenye shina la mashine. Lenzi ikikaa vibaya, kidole kinajua kwanza. Basi toa kitambaa cha mbele cha spika yako. Weka ncha ya kidole katikati ya karatasi yake inayotikisika, wepesi, usiikandamize. Fungua sauti mpaka mwisho. Mimi sitaongea. Nitagonga kwa kitufe, ile lugha ya nukta na mistari uliyonifundisha kwa kijiko mezani. Wewe jibu kwa mdomo, nakusikia, Mungu anajua nakusikia.

Jumapili saa kumi. Koili ni ile ya kwanza, na hata ukiniandikia nini siigusi.

Mama mwambie mwenyewe.

Chiriku


5 Oktoba

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, na salamu kutoka kwa paka, ambaye amenihama kwa sababu ya kelele.

Mama yako nimemwambia. Nilikwenda mwenyewe, nikasema mlangoni kabla sijakaa, nisije nikaghairi. Alilia. Kisha akachukua karatasi akaandika kwa herufi za kutangazia msiba: HUHAMI MPAKA UTAKE, NA MLINGOTI HAUGUSWI. Akanipa niweke mfukoni. Ninayo hapa.

Sasa Jumapili. Wewe ulikuwepo, lakini upande wa pili, kwa hiyo nikueleze huku kulikuwaje. Nilifungua sauti mpaka vikombe vikatembea kabatini. Kwanza kidole kilipata mngurumo tu, wa hewa tupu. Nikakandamiza, ukapotea. Nikalegeza. Nikakuita, nikangoja. Ghafla karatasi ikaniruka chini ya kidole. Nikashtuka nikautoa mkono kama nimeungua. Nikaurudisha. Ulikuwa unagonga mbio kama una treni ya kuwahi, sikushika kitu, ndipo nikapiga kelele, "Polepole, Chiriku, mimi mzee!"

Ukaanza upya. Mistari miwili. Nukta na mistari mitatu. Mistari mitatu. Nikaitamka kila herufi kwa sauti peke yangu, na ilipotimia neno lilikuwa "mjomba".

Kisha ukaniuliza nimekula nini. Nikajibu mkate na chai. Ukagonga, "Tu?" Nikasema mkate ulikuwa umeungua, kwa sababu birika nililitoa jikoni nikasahau mkate. Halafu zikaja nukta nne, pumziko, nukta mbili, tena na tena na tena, bila mpangilio, ndivyo watu wa redio wanavyocheka. Nilizihisi mpaka kwenye kiwiko. Tangu nimzike mke wangu hakuna aliyekuwa amecheka ndani ya nyumba hii. Nami nikacheka. Sijui sauti yangu ilitoka vipi, utaniambia wewe.

Ulipoaga na kuzima mashine yako, sikuutoa mkono. Ule mngurumo mtupu ukarudi chini ya kidole, wewe hukuwemo. Miezi yote hii kwangu kimya kilikuwa kimoja, ukiwepo au usipokuwepo. Jumapili hii nilijua umeondoka.

Mjomba wako